Stendi ya Baba

Kaka Mikdad,

Shikamoo. Huku Bagamoyo hatujambo. Mwanangu Mardhiya kaota meno.

Kwa hayo mashindano yako ya kuogelea, baiskeli na mbio, unaniuliza ununue magurudumu mepesi au stendi ya kufungia baiskeli uiendeshe chumbani papo hapo bila kusogea. Nimecheka. Miguu yako aliitengeneza Baba, alipokufungia gunia la nazi kwenye keria ukalipeleka hadi Mapinga, yeye mbele na baiskeli yake ya Foniksi, akikupigia kengele usichoke.

Magurudumu chukua. Stendi pia nunua, lakini uilete huku. Baba alinikataza nisikwambie kabla ya mashindano: tangu Idi mguu wake wa kushoto umelegea, na kila asubuhi anataka apandishwe baiskeli. Kwenye stendi hataanguka.

Kengele nitampigia mimi.

Mdogo wako,
Adila