Mama Sweta wa Satellite

Joab, baba yangu,

Kwanza usishtuke. Hakuna mgonjwa nyumbani. Dada yako Rispa yuko salama kwake, watoto wamekuwa wakubwa, na yule wa mwisho amechukua masikio yako kabisa. Nakuandikia kwa sababu chama chenu cha salamu kimefungwa. Siku ya kukifunga mimi ndiye niliyekaa pale badala yako, kwa hivyo naona ni haki habari uipate kwangu.

Mwandiko ni wangu mwenyewe. Ile shule ya ngumbaru kule kanisani nilirudi baada yako, na kitabu cha pili nikakimaliza. Naandika polepole. Kalamu inanichosha vidole kuliko jembe. Utavumilia.

Unakumbuka mambo ya kadi yalivyoanza. Ulikuwa umepata ile kazi ya utarishi mjini, kupeleka barua za ofisi huku na huku, na jioni ukirudi hapa mtaani Satellite, badala ya kupumzisha miguu, unakaa mezani na kadi ya salamu ya kupeleka redioni. Unaandika jina lako la redio, Ndege wa Satellite, kwa sababu ya kupiga mluzi kwako. Halafu wale wa kusalimiwa: Bwana Shamba wa Kitisuru, Sauti ya Mutuini, Singh wa Redio pale mjini. Mwisho kabisa, ujumbe. Jumapili mchana tunanyamaza wote, hata sufuria siifunui, tusikie kama mtangazaji ataichukua kadi yako.

Na ujumbe wako ulikuwa ule ule. Wenzako walituma maneno mazito, tumche Mungu, tuishi kwa amani. Wewe: "Mama, nimevaa sweta." Basi nchi nzima ikajua kuna mama mmoja Satellite anayemkimbiza mwanawe na sweta mpaka barabarani. Wanawake wa ploti wakinikuta kwa mfereji wanauliza, "Leo baridi iko namna gani, Mama Joab?" Nilijifanya nimekasirika. Moyoni nilikuwa nachekelea.

Lakini hukujua nilivyokuwa na wasiwasi. Ile miaka, watu kukaa pamoja bila ruhusa ya serikali ilikuwa ni shida, na wewe kila mwisho wa mwezi unaniambia, "Mama, naenda mkutano." Mkutano wa nini? "Wa salamu." Watu wazima, na ndevu zao, wakutane kwa sababu ya salamu? Nikasema hapa kuna watu wananidanganyia mtoto, watamtia kwa taabu. Ndiyo ile Jumamosi nikakufuata mpaka mjini, na sweta mkononi, ili nikiulizwa niwe na sababu.

Nilikukuta chumba cha nyuma pale kwa Singh, redio zimetolewa matumbo juu ya meza, na watu wanapeana nafasi ya kuongea kama wako bungeni. "Asante, Sauti ya Mutuini." "Bwana Shamba ameinua mkono." Kumbe Sauti ya Mutuini ni mama wa kuuza sukuma wiki, na sauti yenyewe ni ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Bwana Shamba ni mzee mpole wa kutunza maua ya matajiri, udongo bado uko kwenye kucha. Nikasimama mlangoni. Singh akanitazama, akatazama sweta, akaweka bisibisi chini. "Wacha mkutano," akasema. "Hii ndiyo mama yenyewe." Wote wakasimama kunisalimia kama mimi ni mke wa waziri. Wewe ulikuwa unatafuta meza ya kuingia chini yake.

Siku hiyo ndiyo nilisikia sheria yenu. Mtu akisalimiwa kwa kadi, lazima arudishe salamu kwa kadi yake. Asiporudisha, na hana sababu, mkutano unaofuata anawanunulia wote soda. Niliona ni mchezo wa watoto.

Halafu ile homa ya kifua. Ilianza kama mafua tu, ukaniambia, "Mama, wacha hofu." Ya wodini siandiki, wewe unayajua na mimi nayajua.

Kitu ambacho hujui ni hiki. Tulikuwa tunafunga mizigo kukupeleka nyumbani Vihiga, na hakuna mtu wa chama aliyekuwa na habari. Tangazo la kifo lilisomwa redioni, lakini lilisomwa kwa jina lako la kubatizwa, na hao walikujua kwa Ndege. Sasa nasikia hodi. Ni Bwana Shamba. Ametembea kwa miguu kutoka Kitisuru. Akavua kofia, akaanza, "Mama, Ndege amesalimiwa na hajarudisha. Si kawaida yake. Nimekuja kumdai soda." Alikuwa anacheka. Halafu akaona blanketi yako imekunjwa kwa kiti, na uso wangu, akakaa chini pale pale mlangoni.

Joab, walikuja kukuzika. Nilimwambia Bwana Shamba kijiji, nikasahau kumwambia jina, na yeye kwa uchungu hakuuliza. Wakashuka sokoni wanauliza kila mtu, "Nyumbani kwa Ndege ni wapi?" Wakaambiwa hapa hakuna ukoo wa Ndege. Wakapelekwa kwa matanga mengine ya mzee mmoja ng'ambo ya kijito, wakakaa, wakapewa chai, Sauti ya Mutuini akaanza kulia vizuri kabisa, mpaka picha ya marehemu ikaletwa. Hapo ndipo akanyamaza, akamwambia Singh polepole, "Huyu ana mvi." Walipofika kwetu ulikuwa karibu kuteremshwa. Mjomba wako akataka kujua hawa ni nani, na Mhindi mwenye kilemba amefuata nini huku. Bwana Shamba akamjibu, "Sisi ni watu aliotusalimia." Mjomba akawapisha. Mimi katika kulia kwangu kote, hapo nilicheka kidogo. Watu wakafikiri akili imeruka.

Halafu tukarudi Nairobi. Jumapili moja nafua nguo uani, redio iko dirishani. Nasikia, "Ndege wa Satellite anawasalimu." Ile kadi uliyoipeleka kabla ya kulala wodini, ilikuwa bado kwa foleni yao huko. Mtangazaji wa watu hakujua. Akasoma majina yote, akafika mwisho, na kile kicheko chake: "Na ujumbe ni ule ule, mama, nimevaa sweta."

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Majirani waliponiinua niliwaambia niacheni kidogo, mtoto ameniamkua.

Tangu siku hiyo wenzako hawakukuacha. Kila kadi ya Bwana Shamba, kila ya Sauti ya Mutuini, jina lako lilikuwa ndani: "Na Ndege wa Satellite, popote ulipo." Kuna wakati mwanachama mpya aliuliza mbona sheria inavunjwa, huyu Ndege hajarudisha salamu hata siku moja. Singh akamjibu, "Mtu ya mbinguni hapana toza soda." Ikaisha hapo.

Mimi nikawa mtu wa Jumapili. Sikuwaza sana. Najua tu kwamba saa ya kipindi ikifika kuna mahali duniani jina la mwanangu litatamkwa kwa sauti, na watu wasionijua watalisikia wakila chakula chao. Betri zikichoka nazianika kwa jua, zinavuta tena kidogo. Nilikuwa naishi hivyo.

Mwezi uliopita Bwana Shamba akaja, safari hii kwa fimbo. Kipindi kinaondolewa. Sasa kuna redio mpya za muziki, vijana wanapiga simu wanasalimiana hapo hapo, nani atangoja kadi? Na chama nacho hakina watu. Wengine wamestaafu wamerudi mashambani, yeye mwenyewe matajiri wake wamehama na anakwenda kwao kupumzika. "Tumeonelea tufunge kwa heshima, mama," akasema. "Uje."

Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikaketi. Niliogopa, baba. Nitakuambia ukweli, hofu niliyosikia ni kama ile ya wodini. Nilijiuliza, sasa ni nani atamtaja? Rispa anakutaja, lakini akiniona anaacha, asiniumize. Hawa watu wa ploti wengi ni wapya, wananiita Mama Joab kama vile mtu anaitwa Mama Mboga, hawajui Joab alikuwa nani. Nikafikiri, mwanangu atakufa mara ya pili, na safari hii hakuna hata wa kupika chai.

Jumamosi nilikwenda. Chumba ni kile kile. Singh ndevu zimekuwa nyeupe, bado anafungua redio, lakini anasema watu siku hizi wanatupa na kununua nyingine. Tulikuwa wachache, benchi moja ilitutosha. Walikuwa wamenunua mandazi. Mimi nikashindwa kujizuia, machozi yakaanza, na Sauti ya Mutuini akanisogelea, ile sauti yake yote sikioni: "Mama Joab, usililie kwa kikombe. Hiyo chai itakuwa na chumvi na mimi sinywi chumvi, niko na presha."

Ndipo Bwana Shamba akatoa kadi mfukoni. Tupu. Akasema hii ndiyo ya mwisho ya chama, Singh ataipeleka mwenyewe kwa mkono isikwame kwa foleni, na wamekubaliana niijaze mimi. Nikasema mimi siwezi, sijui kuandika vizuri. Nikasema basi nitamwandika Joab peke yake, asalimiwe kwa mara ya mwisho. Bwana Shamba akanitazama kwa upole sana. "Mama," akasema, "sisi tumemsalimu miaka hii yote. Hatujawahi kusikia kama zilifika."

Joab, mimi sikuwa nimeona hivyo hata kidogo. Nilikuwa nazihesabu kuwa ni zako na zangu. Kumbe watu walikuwa wanatuma, wanatuma, na hakuna mlango uliofunguliwa kuwaambia karibu. Mtu akikusalimu na unyamaze, kwetu unajua inaitwaje. Ule mchezo wa watoto haukuwa mchezo.

Nikachukua kalamu. Sauti ya Mutuini akanizuia, "Ngoja. Hakuna mtu anaingia redioni na jina la kipande, hilo la serikali. Utajiita nani?" Nikasema sina jina lingine. Singh akasema bila kuinua macho kwa waya zake, "Jina iko. Kenya yote najua." Wakacheka wote kwa pamoja, na mimi nikacheka, na nikaliandika.

Kipindi cha mwisho nilikisikiliza hapa nyumbani na Rispa. Nilinunua betri mpya. Mtangazaji ni yule yule, sauti imekuwa nzito ya uzee. Alisoma nyingi, nikaanza kuogopa kwamba yangu imepotea, Rispa akanishika mkono. Halafu akasema, "Mama Sweta wa Satellite." Akanyamaza kidogo. Sijui alikumbuka, sijui alikuwa anatafuta miwani. "Mama Sweta wa Satellite anarudisha salamu kwa Bwana Shamba wa Kitisuru, kwa Sauti ya Mutuini, kwa Singh wa Redio, na kwa wote waliomsalimu mwanawe. Ujumbe wake ni kwamba, Joab alizipata zote."

Miaka yote ile kipindi kilikuita Ndege. Siku ya mwisho kikakuita jina nililokupa mimi, la baba yangu. Halafu muziki, na basi.

Sikulia. Rispa ndiye aliyelia. Nilisimama nikaizima, nikaenda kufunua sufuria.

Kwa hivyo hayo ndiyo ya chama chako. Kimefungwa vizuri, na hakuna salamu yako iliyobaki mikononi mwa mtu. Na mimi nakuachilia kwa upande wa redio. Sitakuwa natega sikio tena Jumapili nikingoja utajwe. Nitakutaja mwenyewe. Nimeanza na hawa watoto wa Rispa, nimewaambia habari ya matanga ya mzee mwenye mvi, wakaanguka chini kwa kucheka, yule wa masikio yako akataka nirudie. Na nakuahidi hili: watu wako nitawasalimu kwa miguu yangu. Jumapili ijayo nakwenda Mutuini, Sauti ameniambia nibebe kikapu cha kutilia sukuma wiki, nisimletee aibu ya kurudi mkono mtupu. Bwana Shamba akienda kwao nitamwandikia. Sasa naweza.

Lala salama, mwanangu, baba yangu. Asubuhi hizi za Julai Satellite yote ni ukungu, hata mfereji wa uani huuoni. Ile sweta yako ya kijani sikumpa mtu, walioomba niliwanyima. Mikono ni mirefu, naikunja mara mbili.

Nimevaa sweta, Joab. Wacha hofu.

Mama yako