Mechi Nilizozitazama kwa Masikio

Jumapili jioni, mwezi wa kumi na moja. Joto la Durban, lile la kugandisha shati mgongoni. Mawingu yamejaa upande wa bahari lakini mvua imekataa. Moyo: mzuri. Umevimba kidogo.

Taarifa kwa umma.

Mimi, Papa Riziki, umri miaka arobaini na tisa, kimo cha wastani, tumbo zaidi ya wastani, leo saa nane na nusu mchana nimeingia ndani ya uwanja wa kriketi wa mji huu kwa kupitia mlangoni, nikiwa na tiketi halali. Nimeketi kwenye kiti. Nimetazama mechi ya timu yetu ya jiji kuanzia mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Tumeshinda. Waandishi wa habari wanaohitaji picha watanikuta nyumbani South Beach, ghorofa ya saba. Lifti haifanyi kazi.

Mtauliza, habari iko wapi hapo? Watu maelfu wameingia uwanjani leo na hakuna aliyetoa taarifa.

Habari ni kwamba kwa miaka sita nimesimulia mechi za timu hii bila kuona hata mpira mmoja.

Ngoja nieleze. Siku za kazi natengeneza simu dukani. Siku za mechi navaa kizibao cha njano cha kung'aa na kulinda magari kwenye barabara ya nyuma ya uwanja, mimi na Bakari wa Tanga. Yeye anachukua upande wa baharini, mimi nachukua upande wa ukutani. Ng'ambo ya ukuta kuna kriketi. Huku kuna Toyota.

Lakini kriketi hii fupi, ya mipira mia na ishirini kila upande, ina makelele kuliko harusi. Mechi za kwanza nilidhani ni fujo tu. Kisha nilianza kuelewa. Muziki mfupi maana yake mpira umefika kwenye kamba ya mpakani, mikimbio minne. Muziki mrefu na mayowe maana yake umepita juu ya kamba bila kugusa chini, mikimbio sita. Yowe moja la ghafla, mpigaji wa wageni ametolewa. Kimya, kisha mzee mmoja karibu na ukuta kutamka neno nisiloweza kuliandika hapa kwa sababu mchungaji wetu anasoma blogu hii, huyo ni wa kwetu aliyetolewa.

Nikawa mtaalamu. Waliochelewa waliniuliza mechi imefika wapi kabla hawajafunga milango ya magari yao. Kuna Mhindi mmoja mstaafu, mwenye bakkie, pikapu nyeupe, ambaye sote tunamwita Uncle kama wazee wote wa umri wake hapa mjini. Yeye ndiye aliyenipa cheo cha Profesa. Akitoka ndani huwa ananiambia nilikuwa sahihi, na mimi huinamisha kichwa kama mtu aliyezoea.

Sasa maungamo.

Binti yangu Riziki ana miaka kumi na miwili. Alipokuwa na sita aliniuliza Papa anakwenda wapi siku za mechi. Nikamwambia: "Kazi yangu iko uwanjani." Sikudanganya. Uwanja una nje pia. Akauliza mechi ilikuwaje. Nikamsimulia, akapenda, na tangu siku hiyo kila jioni ya mechi tunakula fufu na sombe huku natangaza. Napiga meza, naiga muziki, nanyamaza pale panapotakiwa kunyamaza.

Halafu shule yao ikamchukua kwenye timu ya kriketi ya wasichana. Ni mrushaji. Mwalimu anasema ana mkono. Hapo ndipo ningetakiwa kusema ukweli, na hapo ndipo nilipoanza kukikunja kizibao vizuri zaidi, chini kabisa ya mfuko, na kutoka nyumbani kama mtu wa ofisini. Mwaka huu aliandika insha kwamba baba yake hukaa uwanjani na kuona mechi zote. Mwalimu akaweka nyota.

Sioni aibu kulinda magari. Magari yangu yako salama, ulizeni.

Nilichokiogopa ni kingine. Riziki alizaliwa hapa, si kwetu Kongo. Bukavu yote aliyo nayo ameipata kwangu: ziwa, mlima wa nyumbani, koko yake, yaani mama yangu, ambaye hakuwahi kumshika mkono. Akigundua kwamba Papa anaweza kusimulia kitu miaka sita bila kukiona, atabakiza lipi la kuamini?

Ijumaa, Uncle akaniletea tiketi mbili. Wajukuu zake wamesafiri. Akasema nimpeleke yule msichana ninayemsema kila siku. Maman Riziki aliposikia alicheka mpaka akaacha kusuka kichwa cha mteja wake. "Bon," akasema, "Jumapili Profesa anaenda kufanya mtihani."

Leo tulitoka kanisani moja kwa moja, mimi na tai yangu. Barabara ya kwenda mlangoni inapita kwenye magari yangu, na Bakari alikuwa pale, analinda pande zote mbili kwa ajili yangu. Nilimkonyeza kutoka mbali. Nilimkonyeza jicho la pili. Bakari si mtu wa kuelewa macho.

"Mzee wangu! Tai yote hiyo, unakwenda kuposa? Nenda zako, Toyota zako ninazo mimi!"

Riziki alimtazama Bakari. Akakitazama kizibao. Akanitazama mimi.

"Ni nani, Papa?"

"Mwenzangu wa kazi."

Akatangulia kwenda mlangoni. Niliona afadhali angeuliza tena.

Ndani, kitu cha kwanza ni kijani. Hakuna aliyewahi kuniambia. Nyasi za kijani mpaka unataka kuvua viatu, wachezaji wetu nao kijani, na wageni wamevaa zambarau, watu wazima wenye ndevu, zambarau kuanzia shingoni hadi kwenye soksi. Miaka sita nilikuwa nikiwaona kichwani wote hawana rangi, kama picha ya pasipoti iliyokaa juani.

Na mpira ni mdogo! Nasikia gongo limepiga, nageuka, mpira uko kwingine kabisa. Mara moja niliupata. Niliufuata kwa macho, juu, juu zaidi, nikajisikia vizuri sana, mpaka ulipotua juu ya paa na kukunja mabawa.

Ilikuwa zamu yetu ya kupiga, tunafukuza mikimbio ya wageni. Nikaona nisipoeleza kitu nitaonekana mjinga, basi nikaeleza. "Unaona, Riziki," nikasema, kwa ile sauti yangu ya mezani, "yule mwenye gongo upande huu ni wetu. Yule mwenye gongo upande ule ni wao. Wanashindana."

Jamaa wa nyuma yetu alipaliwa na bia.

Riziki alinisogezea pakiti ya chipsi. Akainama karibu na sikio langu ili yule jamaa asisikie. "Wote wawili ni wetu, Papa. Wamevaa sare moja."

Kweli. Wamevaa sare moja.

Nilitafuna chipsi kwa muda wa mipira sita. Kisha nikaanza, "Riziki, mimi kwenye mechi huwa..."

"Nilijua, Papa."

"Tangu lini?"

"Zamani. Hadithi zako za kriketi iko na makelele tu. Hakuna hata siku moja ulisema mtu amevaa rangi gani."

Alisema huku anatazama mchezo, kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Nikauliza, maana ilikuwa lazima niulize, "Na zile za Bukavu?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, muda wa mipira miwili.

"Zile za Bukavu iko na rangi," akasema. "Koko amevaa kitenge cha bluu. Mlango iko mwekundu, lakini chini umechubuka sababu ya mbuzi."

Nikamwambia nakwenda kunawa uso, joto limezidi.

Sasa nirudi kwenye ile taarifa ya juu. Ina kosa moja, na kwa kuwa leo ni siku ya kuungama, nilisahihishe. Sikutazama hadi mpira wa mwisho.

Ilipobaki mipira kumi na miwili, miguu yangu ilisimama. Sikuiagiza. Kwa miaka sita, ikifika hapo huwa niko kwenye nafasi yangu, kwa sababu ndipo wanapotoka wale wanaokimbia foleni, na watu hao hurudisha gari nyuma bila kutazama. Bakari alikuwa peke yake na pande mbili.

"Unaenda wapi, Papa? Eish, bado mipira kumi na miwili!"

"Kazini," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza kumwambia neno hilo likiwa limekamilika. Akachukua chipsi zake akanifuata.

Bakari alinirushia kizibao cha akiba nikakivaa juu ya tai. Riziki akaketi kwenye ukingo wa barabara, mgongo kwenye ukuta wangu, miguu mbele. "Haya," akasema. "Simulia."

Nikasimulia, huku naelekeza magari mawili yatoke. Muziki mfupi: minne. Makofi ya baridi: mmoja mmoja tu, wanakimbia. Kimya na lile neno la mzee wa ukutani: wetu ametolewa. "Huyo anasema hivyo kila siku?" Riziki akauliza. Nikamwambia huyo ndiye redio yangu. Alikuwa anahesabu mipira kwa vidole na hesabu ya mikimbio kichwani, na tuligundua kwamba yeye na mimi tukiunganishwa tunafanya mtazamaji mmoja mzuri sana.

Mpira wa mwisho. Tunahitaji miwili.

Gongo likalia. Watu wote wakainuka kwa sauti moja, kisha kimya, kama mtu amefunga mlango, na baada ya kimya hicho mlipuko ambao sijawahi kuusikia tangu nianze kazi hii. Kengele za magari matatu zikaanza kulia zenyewe.

"Umepigwa juu," nikasema, nikipiga kelele kuzishinda kengele. "Juu sana! Mtu wao yuko chini yake, pale kwenye kamba. Mrefu. Shati la zambarau. Mikono iko juu... ameuangusha! Wamekimbia miwili! Tumeshinda!"

Riziki alinitazama na jicho moja amelifumba kwa jua.

"Hiyo rangi umeiweka sasa hivi."

"Ndiyo."

"Na urefu?"

"Na urefu."

Watu wakaanza kumiminika. Uncle alitoka katikati yao, sauti imemkauka, na Riziki alimfikia kabla yangu, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha shuleni kama ni kweli waliuangusha. Uncle akaweka chini kiti chake cha kukunja ili apate mikono yote miwili. Alituonyesha kila kitu: mpira ulivyopanda, jamaa alivyorudi nyuma hadi kwenye kamba, ulivyoingia mikononi na kuponyoka, wetu walivyokimbia miwili. Neno kwa neno kama nilivyotangaza. Bakari alinipiga kofi la mgongo likatikisa tai.

"Alikuwa mrefu?" Riziki akauliza.

Alikuwa mfupi. Lakini shati lilikuwa la zambarau.