KB Mbili Kila Ijumaa

Ijumaa, masika. Mvua haijanyesha tangu asubuhi, lakini milima ya Usambara haionekani kabisa, na umeme umekuwa ukichezacheza tangu saa nne.

Niko Korogwe, kambini, chumbani kwa mama, juu ya kitanda nilichokuwa nalalia nikiwa darasa la pili. Wanaofungua ukurasa huu kutafuta masomo yangu ya kompyuta wanisamehe. Leo sifundishi. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nitoke nje, na nje kuna watu wanaonishukuru.

Naogopa. Nimeona niliseme mapema.

Kwa asiyeijua, Kambi Tisa ni safu za nyumba za waliokuwa vibarua wa mkonge, upande wa njia ya Magoma. Babu zetu walitoka Songea, Tabora, Kigoma, wengine mbali zaidi. Walikata mkonge, wakazaa, wakazikwa hapa hapa. Sasa shamba limepata mmiliki mpya, na mmiliki mpya anataka nyumba zibomolewe. Jumanne watu wa ardhi wanakuja kusikiliza. Kambi haina hati. Ina maelezo ya wazee tu: nani alikuja mwaka gani, alipewa nyumba ipi, kaburi la nani liko wapi, na mwishoni, kwenye ukurasa wake, picha ya mzee mwenyewe na chini yake alama ya dole gumba. Maelezo sitini na manane. Kazi hiyo ilifanyika miaka mitatu iliyopita, na aliyeyaskani na kuyaingiza kwenye kompyuta ya kamati ni mimi.

Nilifanya bure. Nilijisifu nayo hapa hapa kwenye blogu.

Wakati ule nilikuwa nimeshahamia Handeni, nimefungua kibanda changu cha ufundi jirani na stendi, nikajua sitaweza kuja kila wiki. Kwa hiyo niliwafundisha wenyewe kutunza nakala. Katibu wa kamati ni Mwalimu Asteria, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, na siku hiyo alikaa mbele yangu na kalamu kama mwanafunzi. Folda yenyewe nilikuwa nimeiweka kwenye diski D, ndani ya folda nyingine tatu. Nikaona wazee watapotea huko. Nikawawekea alama yake mbele kabisa, wakiwasha tu kompyuta wanaiona: USHAHIDI. Kisha nikawaonyesha hatua kwa hatua. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, nakili, fungua flashi, bandika. Tukaifungua kutoka kwenye flashi, maelezo yote yakatokea. Wakapiga makofi.

Kamati ikalichukua jambo hilo kwa uzito ambao sijauona kwenye ofisi yoyote. Kila Ijumaa baada ya swala, Mzee Chande anafika na flashi shingoni, ameitundika kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe. Mzee Filbert anafika kutoka upande wa kanisa kuwa shahidi wa pili, maana walikubaliana awepo Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja, asije mtu akasema upande fulani umechezea kumbukumbu. Mwalimu ananakili. Kisha wote watatu wanasaini kwenye daftari: tarehe, saa, na maneno "imenakiliwa salama". Hawajaruka Ijumaa hata moja.

Jumatano Mwalimu alinipigia simu.

"Mwanangu, kompyuta inagonga," alisema. "Inagonga mara tatu, inanyamaza, halafu inagonga tena."

Nilimwambia aizime na wasiiwashe mpaka nifike. Sikuwa na wasiwasi, na hilo ndilo linaloniuma. Diski zinakufa kila siku, ni vyuma vinavyozunguka, vinachoka. Mwenye nakala hana msiba. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti yangu ile ya fundi anayejua. Jana nikanunua diski mpya, leo alfajiri nikafunga kibanda na kupanda pikipiki.

Nimefika ofisi ya kamati saa tatu na nusu na kuikuta kompyuta inawaka. Tangu Jumatano walikuwa wameiwasha mara nne, kuangalia kama imepata nafuu.

Nikaizima, nikafungua boksi, nikachomoa diski. Mzee Chande akavua flashi shingoni na kunikabidhi kwa mikono miwili. Nikaichomeka kwenye laptop yangu.

Ndani kulikuwa na kitu kimoja.

USHAHIDI. Kwenye kona yake ya chini, mshale mdogo uliopinda. Ukubwa wake, KB mbili, hautoshi hata picha moja.

Aliyewahi kukaa darasani kwangu anaujua mshale ule, ni somo la wiki ya kwanza. Alama yenye mshale siyo folda. Ni njia ya mkato, kibao cha barabarani kinachosema folda iko kule. Ukinakili kibao, umepata kibao. Siku ile kilifunguka kwa sababu flashi ilikuwa bado kwenye kompyuta ile ile, kikatuelekeza kwenye diski D, na sisi tukadhani tunasoma flashi. Sikuijaribu kwenye kompyuta nyingine. Laptop yangu ilikuwa kwenye begi, miguuni kwangu.

Miaka mitatu wamekuwa wakisaini kibao.

Kuna la pili ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana nilipita hapa siku ya Ijumaa, nikawakuta wananakili. Mzee Filbert akanitania kwamba kompyuta yao ina mbio kuliko zangu zote za Handeni, kazi inaisha hata hajamaliza kukaa. Maelezo sitini na manane yenye picha hayanakiliwi kabla mtu hajamaliza kukaa. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu, na siku ile kitu kilinigusa. Lakini nilikuwa na mteja ananisubiri Handeni. Nikacheka, nikaaga.

Mtu atauliza karatasi zenyewe ziko wapi. Mchwa. Waliingia kabatini masika iliyopita, na Mwalimu alinipigia analia. Nikamtuliza. Si ziko kwenye flashi, mwalimu? Choma hayo mabaki kabla mchwa hawajahamia kwenye viti. Akachoma.

Basi tegemeo likabaki ile diski inayogonga. Nikaiunganisha na laptop kwa adapta na kuwasha programu inayosoma kwanza sehemu zilizo nzima, inaziruka zilizoharibika, halafu inazirudia baadaye. Namba zikaanza kupanda polepole. Diski inagonga, inanyamaza, inagonga. Wazee wakauliza vipi, nikasema nahamisha kumbukumbu, itachukua muda. Mwalimu akaniangalia zaidi ya kawaida yake. Kisha akaenda kunipikia kande.

Saa nane wakarudi, wakati wao wa kunakili umefika. Mzee Filbert hakuwepo, amelazwa, kifua kimembana. Mzee Chande akakaa, akafungua daftari, akanisogezea.

"Saini wewe nafasi ya Filbert, fundi," alisema. "Wewe ni mtoto wa kambi, na marehemu baba yako alikuwa anasali naye."

Nikasema kazi bado inaendelea. Akasema basi ndiyo hiyo hiyo, si unahamisha? Mwalimu alikuwa ameshaandika tarehe. Ukurasa mzima ulikuwa na saini za mikono inayotetemeka, mistari imenyooka, hakuna palipofutwa.

Nikasaini. Imenakiliwa salama.

Nataka kuandika kwamba sijui kwa nini nilisaini, lakini najua. Nilitaka waondoke wasinione usoni.

Umeme ukakatika saa tisa kasorobo. Laptop ina betri yake. Diski ile haina, inakula umeme wa ukutani, na UPS ya kamati, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, imekuwa kizuizi cha mlango tangu mwaka juzi. Nikasikia mzunguko wake unapungua mpaka ukaisha. Giza la mawingu likaingia ofisini. Nikakaa hapo dakika ishirini nimeshika waya.

Umeme uliporudi, diski haikugonga. Asubuhi nzima nilikuwa naiombea inyamaze, na sasa nikaiwekea sikio nikiomba igonge hata mara moja. Nikaichomoa, nikaipumzisha, nikaichomeka. Nikabadilisha waya, nikabadilisha adapta. Laptop haiioni. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, najua diski iliyolala ikoje na iliyokufa ikoje.

Vilivyowahi kuhama ni mihutasari ya vikao, barua, picha za mechi ya mpira, na maelezo kumi na tisa. Kumi na manne ni mazima. Matano yamekatika. Ukifungua, juu ya kila ukurasa ni safi, katikati rangi ya kijivu inaanza na kushuka mpaka mwisho wa ukurasa. Dole gumba lilikuwa chini.

Nimempigia jamaa mmoja Dar anayejua watu wa kufungua diski kwenye chumba kisicho na vumbi. Anasema wanaweza kujaribu, hawaahidi, na si kabla ya wiki mbili. Sisi tuna Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Siku tatu si haba. Katika siku tatu kamati inaweza kupita nyumba kwa nyumba na kuandika upya maelezo ya wazee walio hai, hata kwa kalamu tu. Nalijua hili tangu saa nne asubuhi. Lakini ili waanze kupita lazima wajue, na wa kuwaambia ni mimi. Na wale waliokufa hawaandikiki upya. Kuna wanne ambao mimi mwenyewe nimekuja kuwazika.

Saa kumi na moja nilikuwa nafungasha vifaa, Mzee Chande akarudi peke yake. Akasimama mlangoni. Mkewe, Bi Salama, alifariki mwaka juzi. Ndiye pekee aliyekuwa anayajua makaburi ya safu ya chini, moja moja, na majina ya waliolala humo, na maelezo yake ndiyo marefu kuliko yote. Nilimpiga picha mimi, uani kwake, akiwa anacheka kwa sababu nilimwambia asicheke.

"Nina jambo dogo," mzee alisema. "Mbele ya wenzangu naona haya. Ile picha ya kwenye kitambulisho sitaki kuiangalia, alipigwa ana hasira. Kabla ya hiyo Jumanne nifungulie humu nimwone mara moja tu."

Bi Salama yumo kwenye yale matano. Nilikuwa nimeshamfungua. Maelezo yameishia kwenye kaburi la tatu. Ukurasa wa picha una mtandio, paji la uso, na nyusi. Baada ya hapo kijivu.

Nikamwambia kesho, mzee, umeme ukitulia.

"Haya, mwanangu. Kesho."

Akaivaa flashi yake shingoni, akaisukuma ndani ya kanzu ikae kifuani, akaenda zake.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Mama anapepeta mchele ukumbini na anaimba, kwa sababu mwanae amekuja kuokoa kambi. Hata yeye sijamwambia. Jina lake limo kwenye yale sitini na manane, na halimo kwenye kumi na manne. Nimekuwa nikijiambia kwamba usiku wanahitaji kulala, nitawaita kamati kesho saa moja asubuhi na kusema yote: mshale, ile Ijumaa niliyocheka, karatasi nilizosema zichomwe, saini. Ni uamuzi mzuri. Una kasoro moja, kwamba kila saa ninayoipitisha hapa kitandani naikata kwenye siku zao tatu, na bado nimekaa.

Maisha yangu yote nimewacheka watu wanaoogopa kompyuta. Nimewacheka mbele ya wenzao, darasani. Leo nimegundua kwamba waoga wale huwa wananiuliza mara mbili mbili kama kweli faili limeingia. Mimi siulizi.

Mama ameacha kuimba. Kuna mtu amepiga hodi.

Ni yeye. Namsikia anamsalimia mama, anakataa chai, anaomba radhi kwa kuja magharibi hii. Anasema umeme umetulia tangu saa kumi na moja, haujayumba hata mara moja, na fundi alisema ukitulia. Mama anamvutia kiti. Mwanangu, ananiita, mzee wako amekuja.

Nachapisha haya sasa hivi, kabla sijanyanyuka, yasije yakapata nafasi ya kufutwa. Taa iko juu yangu, inawaka vizuri kabisa. Kwenye laptop, dirisha la nyuma ya maandishi haya liko wazi, na Bi Salama yumo mpaka kwenye nyusi.

Nianze na neno gani?