Saba ya Tatu ya Mama Yako

Nyuma ya Soko la Mboga,
Huwei, Yunlin,
Taiwan.
30 Machi

Mpendwa mwanangu Yueh-ling,

Hujambo huko Perth? Mgongo wa mumeo Kuo-wei umepata nafuu? Na mjukuu wangu Hsiao-yu, bado anaficha mboga chini ya wali? Sisi huku miili ni mizima. Magoti yananiuma, na mvua za mwezi huu zimeyazidishia. Moyo ndio hauna nafuu, sitakudanganya. Nimezika wazazi na nimezika mume, lakini kifo cha dada yangu, mama yako mzazi, kimeniacha kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Nimekupigia simu wee, hupokei. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua barua utaisoma, maana tangu udogoni umbea huwezi kuuacha.

Wanafunzi wa mama yako bado wanakuja. Juzi watatu walivua viatu mlangoni, wakaketi kwenye madawati yale ya sebuleni, wakatoa madaftari. Wana mtihani wa vigawo na vigawe. Nikawaambia mwalimu hayupo tena. Mmoja akaniuliza, "Bibi, basi tumsubiri?" Nikawapa machungwa, nikaenda kulia jikoni.

Jikoni humo nimemsikiliza akifundisha miaka mingi, mimi nakatakata vitunguu, yeye anauliza, "Kutoka nne hadi tisa, mna namba ngapi zinazofuatana?" Watoto wanatoa nne katika tisa, wanajibu tano. Anawahesabisha kwa vidole mpaka zinafika sita. "Hiyo nne yenyewe mmeiacha nje," anawaambia. "Haya, ifungulieni mlango." Nawe ulikuwa mmoja wao, na ulikuwa hodari kuliko wote.

Sasa mwanangu, mama yako alifariki tarehe tatu. Wewe ulichukua tatu ukaongeza ishirini na moja, ukakata tiketi ya kufika tarehe ishirini na nne. Lakini kwetu siku ya kufa ndiyo siku ya kwanza. Kila siku saba tunamwandalia marehemu meza, mpaka saba ya saba; na saba ya tatu, ile ambayo ni ya binti aliyeolewa, ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Kaka yako Wen-liang alidhani huhitaji kukumbushwa, mimi nilidhani ameshakukumbusha. Kukulaumu siwezi. Ile siku nani anataka kuihesabu? Hata mimi ningeiruka.

Ulivyoingia ninakuona mpaka leo. Ulianza kulia pale kona ya muuza tofu, ukapiga magoti, ukatambaa hadi mlangoni kama inavyompasa binti. Naye kaka yako akakupokea kwa ulimi ule wake: "Mtoto wa mwalimu wa hesabu, kuhesabu hadi ishirini na moja kumekushinda? Ilikuwa jana." Alikosa adabu, na nimemwambia. Alikuwa hajalala siku nyingi, lakini hiyo si sababu.

Kisha ukafunua vitambaa kwenye meza ya mama yako. Wali umekauka juu, supu ya machipukizi ya mianzi imeganda mafuta. Ukasema, "Hata makombo hamkuyaondoa. Mmeniwekea nione kwamba karamu imekwisha." Mkaanza kupigiana kelele mbele ya picha yake, hata nilivyowaita hamkunisikia. Asubuhi ukabeba begi. Ukaniambia, "Mama Mdogo, saba ya saba fanyeni wenyewe. Mimi wa hapa si wa hapa tena." Neno hilo limenivunja, Yueh-ling, kwa sababu ile meza hukuielewa, na mimi sikukueleza.

Yale hayakuwa makombo. Siku ya ishirini na tatu tuliandaa kila kitu, kuhani akasoma, ubani ukaungua. Ukafika wakati wa kumwuliza marehemu kama ameshiba. Wen-liang akarusha vile vipande viwili vya mti. Unajua mwenyewe, kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali, tunaondoa sahani. Vikaanguka vyote kifudifudi. Akarusha tena, vyote kifudifudi. Akamwomba radhi, akabadilisha chai, akaongeza ubani, akarusha mpaka jasho likamtoka. Mama yako hataki. Kuhani akaanza kutazama saa.

Nikamwambia kaka yako anipishe. Nikapiga magoti kwa shida, nikasema, "Dada, unamngoja Yueh-ling?" Nikarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Mara moja tu.

Kuhani alisema hajawahi kuona meza ya saba ikilala hadi asubuhi. Nikamwambia aende zake, meza hii italala. Nikafunika mabakuli kwa vitambaa. Kaka yako alikesha kwenye kiti, anafukuza paka, ili mama asije akakuta chakula kimeguswa. Ndiyo maana alikuwa hajalala.

Na ulipofika, umeinamisha kichwa sakafuni unamwita, mimi nilikuwa nyuma yako. Nilirusha polepole juu ya mkeka, usisikie. Nikamwuliza, "Umeshiba sasa?" Akakubali. Hukuchelewa, mwanangu. Ulipofika ndipo mama yako alipokula.

Saba ya saba ni tarehe ishirini Aprili. Usipige hesabu yoyote, njoo siku mbili kabla.

Nisalimie Kuo-wei, na umbusu Hsiao-yu. Mei-yun, mke wa kaka yako, anakusalimu sana na ameshafua mashuka yako. Wen-liang hakunituma salamu, ila kila jioni ananiuliza kama umepiga, halafu anajifanya hakuuliza.

Mbingu zikulinde njiani, na wazee wetu wakufungulie mlango.

Wako akupendaye kama aliyekuzaa,
Mama yako mdogo,
Pao-hsia