Ile ya Pili Inatoka Mwezi Ujao, Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Bado naiandika salamu hii kana kwamba utaniitikia.

Ile ya pili inatoka mwezi ujao. Ndiyo, ile filamu ya kapteni mwanamke aliyepanda chombo akaenda nyota ya mbali, akamwacha mwanawe duniani, na picha ikaisha kabla hajarudi. Watu wameisubiri miaka zaidi ya ishirini. Nimeiona trela kwenye simu nikiwa kwenye foleni benki, pale Kilosa, nikalia mpaka dada aliyekuwa mbele yangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, ingawa wewe tulikuzika masika ya mwaka juzi.

Ile ya kwanza ilipotoka ulikuwa unakaanga maandazi Mikumi, kando ya barabara kuu, mbele ya banda la video la Mzee Sadala. Jumamosi mchana wateja wakipungua ulifunika beseni, ukajifuta mikono kwenye kanga, tukaingia kukaa benchi la nyuma, mwanamke peke yako kati ya madereva wa malori. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hukujua hata neno. Hukujali. Ulininong'oneza hadithi yote. Ulisema dunia imekauka, yule mama amekwenda kuchota maji. Yule anayesafiri naye, asiyekula wala kulala, ulisema ni kaka yake marehemu, amekuja kumsindikiza. Na ilipoisha ukanipiga gotini: "Atarudi huyu. Lazima watatoa nyingine."

Nyumbani ukawasimulia majirani, na kila ukisimulia iliongezeka. Mara kapteni anaimba, mara anagombana na kaka yake juu ya urithi wa shamba. Wanawake walikuwa wanaacha kazi zao kukusikiliza.

Kisha mimi nikasoma. Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kutoka bweni, wewe na majirani mnapukuchua mahindi uani. Mama Neema, jirani yetu, akasema, "Mama Rehema, hebu tupe ile ya mbinguni." Ukaanza. Nami nikacheka kwa sauti.

"Mama naye! Hakuna maji humo. Ametumwa na kampuni kuchimba madini. Na huyo si kaka yake, ni roboti, mashine tu. Kiingereza hujui, unawadanganya watu."

Wenzako walikutazama kwanza, ndipo wakacheka. Ukasema, "Kumbe." Basi. Ukachukua hindi jingine ukaendelea kupukuchua. Hukuisimulia tena, si kwao, si kwangu.

Nikawa mwalimu, wa Kiingereza hichohicho. Wewe ukaugua, ukarudi kwa mjomba, kule Berega. Nilipokuja nilikukuta umelazwa hospitalini, miguu imevimba, nikaketi kando yako.

"Mama, ile filamu wanatengeneza ya pili."

Ukafumbua macho. "Kweli? Anarudi?"

"Bado hatujui. Ikitoka nitakupeleka Dar, kwenye sinema yenyewe."

Ukanishika mkono. "Utanitafsiria? Maana mimi nadanganya watu."

Hukusema kwa hasira. Ulikuwa unatabasamu. Hapo ndipo iliponipasa kusema, lakini muuguzi akaingia na dawa, nikapata pa kujificha. Nikajibu tu, "Nitakutafsiria, mama."

Filamu wakaiahirisha, wakaiahirisha tena. Kila nikikupigia kukuambia, ulisema, "Wasiharakishe, wasije wakaharibu." Asubuhi moja mjomba akapiga nikiwa darasani. Niliona jina lake kwenye simu nikajua kabla hajasema.

Tangu nione trela nimekuwa nikiitafuta hadithi yako, mama. Ya kwako, si ya kwao. Nimegundua sikuishika. Nakumbuka mwanzo na vipande viwili vitatu. Jumapili iliyopita nikaenda Mikumi kwa Mama Neema, siku hizi haoni vizuri. Nikamwomba anisimulie.

"Nakumbuka tulikuwa tunacheka, halafu tunalia," akasema. "Lakini maneno yenyewe, mwanangu, alikuwa nayo mama yako."

Watu mtandaoni wanahesabu siku. Mimi sijui kama nitakwenda. Nilikuwa naisubiri filamu hii kwa woga. Nilijipangia kwamba tukishakaa ndani, taa zikizimwa, huoni uso wangu, nitakuomba radhi. Nikaiacha miaka ipite nikingoja giza la sinema, na wewe ulikuwa pale wodini, mchana kweupe, umenishika mkono.

Nisamehe, mama. Nilikuaibisha mbele ya wenzako, nikakunyang'anya kitu ulichokuwa unakipenda, na nilijua siku ileile uliposema "kumbe". Nilijua, nikaenda zangu ndani kusoma.

Nisikuchoshe zaidi. Pumzika.

Ni mimi, mwanao wa pekee,
Rehema