Alitoka Kaburini Misri Bila Kunawa

Jumamosi, mchana. Vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu hautulii.

Sasa hivi mwanangu Danieli amemkumbatia mgeni mguu akamwita baba. Wanaume pale nje wamecheka. Mimi nimeingia ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, nikajifanya natafuta ungo.

Mgeni ni Ndahani, aliyekuwa askari pamoja na mume wangu Yohana huko Misri. Vita vimekwisha, wenzao wanashuka kwenye treni pale Dodoma, Yohana hashuki. Karani wa boma hana habari zake, si za uhai wala za kifo.

Ndahani ametueleza matembezi yao ya siku moja ya mapumziko. Hawakwenda kwenye yale mapiramidi makubwa ambako askari wote hupigwa picha. Walitembea jangwani hadi kwenye moja dogo, limebomoka, kwa mbali ungedhani ni kichuguu kilichopigwa na mvua. Kando yake kuna makaburi ya kale yaliyochongwa mwambani, matupu. Yohana akawasha mshumaa, akatambaa ndani. Ukutani akakuta ng'ombe wamechorwa, wana mabaka kama wa kwetu. Akatoka anacheka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shemeji," Ndahani akaniambia, "aliwasifu wale ng'ombe kama anayepeleka mahari!"

Nami nikacheka. Jamani, nilimwona kabisa.

Kisha mama mkwe akauliza, "Mlinawa?"

Kwetu mtu akitoka makaburini hunawa kabla ya kuingia nyumbani. Ndahani akasema kule hakukuwa na maji, ni mchanga mtupu. Haukupita muda Yohana akahamishiwa kikosi kingine, hawakuonana tena.

"Ndiyo basi," mama akasema. "Mnatembelea makaburi ya watu kama mnakwenda gulioni! Wenye makaburi wamemshika." Akaanza kulia, na wanawake wakaitikia kilio chake.

Najua maana ya kilio kile. Wembe unatafutwa. Nikinyolewa nimekuwa mjane, na matanga yakiisha kaka yake Yohana atanirithi, mimi na mtoto. Si mtu mbaya. Lakini si Yohana.

Namwogopa mama. Namwonea huruma pia, maana Yohana ni mwanawe. Nami nilisoma darasa la pili tu, sina maneno ya kubishana na wazee. Nimejaribu kusali, nikajikuta nalitaja jina la Yohana tu.

Na kama kweli amekufa?

Hapana. Mtu aliyetoka kaburini anacheka!

Nimewaza hivi. Mtungini yamebaki maji kidogo, ya uji wa Danieli. Damu ya mtoto na ya baba yake ni moja. Nitamsimamisha mwanangu kizingitini anawe mikono na miguu mbele ya wote, anawe kwa ajili ya baba yake. Kama kosa ni kutonawa, basi tumenawa. Mama atakosa sababu, angalau mpaka treni nyingine ije. Maji ya uji nitakwenda kuyachimba mtoni, mchangani, hata kwa kucha.

Wananiita. Ni mama: "Mama Danieli, toka huko, njoo uketi hapa." Nakuja, mama. Nabeba mtungi kwanza, na kabla wembe haujagusa kichwa changu nitawaambia kwamba mtoto huyu amemnawia baba yake.