Kikombe cha Shemeji Erasmus

Yasmini, uko wapi? Shika simu. Kwa dada Demetria kumeharibika.

Shemeji Erasmus kakigundua kijiti. Kile cha uzazi wa mpango, alichowekewa dada kimyakimya mwaka juzi.

Wala hakuwa anamchunguza, jamani! Dada kaamka mkono unamuuma kwa ndoo za maji, shemeji anamchua taratibu, kidole kikagusa. "Mama Neema, hiki nini?"

Dada kashindwa hata kudanganya. "Kijiti."

Nilijua atafoka. Hakufoka, Yasmini. Bora angefoka.

Unaikumbuka ile mizizi anayotumiwa kutoka Songea, ya kutafuta mtoto wa pili? Miaka miwili anainywa akiamini tatizo ni yeye. Na anayemkorogea kila asubuhi ni nani? Dada! Anakoroga, anampa, anamwambia, "Mungu atajalia."

Dada akaanza kujieleza kwa kilio. Damu iliyomtoka siku ya kumzaa Neema. Anavyoogopa kufa. Na angeanzaje kumwambia, wakati mwenzie anaomba mtoto mpaka kwenye sala ya chakula?

Shemeji akamwuliza, "Si mie niliyekaa hospitali siku tatu nikiomba usife? Ulidhani ningekataa?"

Dada akajifuta machozi kwa kanga.

Mie nimesimama mlangoni, sijui niingie au niondoke.

Shemeji akakivuta kikombe cha leo pale mezani, mizizi bado inatoa mvuke. Akamwangalia dada, akauliza kwa upole kabisa, kama mgonjwa anayemuuliza nesi:

"Na hiki, ninywe?"